Fundi Kofia Aliyebishana na Tamthilia

Teodosio Ayme alikuwa fundi kofia, na kwa miaka mingi hapa Santa Rufina hakufungwa harusi ambayo haikuwa na kofia yake kichwani mwa mtu. Alinunua sufu ya kondoo kwa wafugaji wa milimani, akaichambua, akailoweka kwenye maji ya moto na kuipigapiga kwa viganja mpaka ikashikamana ikawa nzito kama ngozi, kisha akaivika kwenye kalibu ya mti na kuipiga pasi ya makaa. Kwa ajili ya maji yale mikono yake ilikuwa myekundu siku zote. Maneno yake yalikuwa machache, lakini hakuwa mtu wa kununa. Siku moja diwani wetu alilalamika kwamba kofia mpya inambana. Teodosio akaigeuzageuza kofia, akasema, "Kofia haina kosa, mheshimiwa. Kichwa ndicho kimenenepa tangu uchaguzi."

Mimi ndiye mkutubi wa hapa, na yeye nilimjua kupitia vitabu. Alijifunza kusoma akiwa amekwisha kuoa. Mara ya kwanza aliingia maktaba kukimbia mvua ya mawe, akaazima kitabu cha maradhi ya kondoo, kwa sababu ya sufu. Aliporudi akaazima hadithi, na baada ya hapo hakuwataka tena kondoo. Alisoma akifuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza, na maswali yake hayakuwa ya wasomaji wengine. "Nélida," aliwahi kuniuliza, "huyu bwana yuko safarini kurasa arobaini na hajatia kitu mdomoni. Anaishi kwa nini?"

Alipojiunga na kikundi chetu cha kusoma cha Alhamisi alikuja na rafiki yake Leoncio Pariona, dereva wa lori la mchanga. Wote wawili walizaliwa kijiji kimoja, Rayusqa, saa mbili kwa miguu kutoka hapa. Leoncio hakuficha kwamba yeye alifuata kahawa na mkate. Wengine tulikuwa mimi, Mwalimu Fidelia aliyestaafu, ambaye angesoma mashairi asubuhi mpaka jioni kama angeachiwa, na kina mama wawili wa sokoni waliosikiliza huku wakisokota uzi.

Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, tulipokea bahasha kutoka kwa binti mmoja wa mjini Huamanga aitwaye Hilda Palomino. Alikuwa ameandika tamthilia na kabla haijachezwa alitaka kusikia wasomaji wa mashambani wanasemaje. Ndani mlikuwa na nakala sita.

Haikuwa kazi nyepesi. Ilikuwa na wanaume kumi na wawili wasio na majina, wanaitwa Wa Kwanza, Wa Pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mtu wa kumi na tatu ameketishwa kitini katikati ya jukwaa, amefunikwa gunia kichwani, na hasemi neno hata moja. Ofisa fulani ameagiza auawe. Ofisa mwenyewe haonekani, wala hatujui huyo aliyefungwa amefanya nini. Tendo la kwanza linakuja baada ya mauaji, la mwisho linakuja kabla, na kuna ukurasa mzima ambao umeandikwa tu: wanapumua.

"Hii si tamthilia," alisema Mwalimu Fidelia Alhamisi ya kwanza, akivua miwani. "Hii ni adhabu."

"Mimi nauliza," alisema Leoncio, mkate mkononi, "kama ameshakufa mwanzoni, hapa mwishoni tunangoja nini? Basi la kurudi?"

Tulicheka. Teodosio hakucheka. Aliomba aende na nakala yake nyumbani.

Alhamisi iliyofuata tuligawana sehemu ili tusome kwa sauti. Yeye alipangiwa Wa Tatu, ambaye ana hotuba ndefu. Akaanza vizuri, kidole kwenye mstari: "Tangu siku ile sijalala. Miaka kumi macho yangu hayajafumba. Usingizi umenikataa kama mbwa anavyomkataa mgeni..." Kidole kikasimama.

"Huyu anadanganya," akasema.

"Nani, mzee?" nikauliza.

"Huyu Wa Tatu. Au binti aliyemwandika. Mtu hulala. Siku hiyo hiyo hulala. Tena kwanza anakula."

Leoncio akaweka kikombe chini. "Soma, Teodosio. Wewe soma tu, bwana, twende zetu nyumbani."

"Tulipikiwa supu ya shayiri. Mimi niliomba niongezewe."

"Umelewa wewe?"

"Unajua sijalewa."

Leoncio akainuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Kina mama wa sokoni waliacha kusokota. Mwalimu Fidelia akafanya ishara ya msalaba, akasema polepole, "Umesema *tulipikiwa*, mwanangu," ingawa amemzidi Teodosio miaka kumi tu. Teodosio akaikunja nakala yake mara mbili, akaitia mfukoni, akasema, "Ndiyo. Tulikuwa kumi na wawili kweli. Hapo hakukosea."

Wengine walipoondoka alibaki, akanieleza.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, yeye ana miaka ishirini na miwili. Wanajeshi walikuwa wamewaamuru wanaume wa Rayusqa kufanya doria dhidi ya waasi. Siku moja akapita kijana mchuuzi akiuza sindano, nyuzi na vioo vidogo. Kwenye mkoba wake wakakuta daftari lenye majina ya watu, na mtu akasema hii ni orodha ya waasi. Yalikuwa majina ya waliomwagiza bidhaa. Wakamfunga. Kapteni akafika, akalitazama daftari, akasema, "Kesho nikirudi nikimkuta mzima, nitajua kijiji hiki kizima ni chao." Wiki mbili kabla, kijiji cha ng'ambo ya bonde kilikuwa kimechomwa moto, na watu wa Rayusqa waliuona ule moshi kwa macho yao. Wakachaguliwa kumi na wawili. Wazee walisema kila mmoja atie mkono wake, asije mtu baadaye akawasema wenzake. Kila mmoja jiwe lake.

"Mimi nilikuwa wa tano," aliniambia Teodosio. "Wengine wajiambie watakalo, pengine walipofika wao alikuwa amekwisha. Mimi nilipofika alikuwa hai. Hilo nalijua."

Nilitazama ubaoni, maana nilishaelewa anamsema nani. Pale kwenye ubao wa matangazo ya maktaba palikuwa na karatasi niliyoibandika mwenyewe, yenye picha ya kijana mwenye nywele zilizochanwa kwa maji, na chini yake: *Rómulo Cconislla, mchuuzi, alitoweka 1984. Mwenye habari amwambie dada yake Zenobia, Chillihua.* Kila mwezi wa nane, wakati wa gulio kubwa, Zenobia alikuja na karatasi mpya. Teodosio alikuwa akiipita karatasi hiyo kila Alhamisi.

"Hata dukani kwangu aliwahi kufika," akasema. "Akanionyesha picha. Nikamwambia sijamwona, dada. Nikampa kiti apumzike."

Nitasema kweli, nilitamani aondoke, na pia sikutaka aondoke peke yake. Yeye akaomba karatasi na kalamu. Akakaa pale mpaka saa ya kufunga, akamwandikia Hilda Palomino. Aliniruhusu kuisoma barua, naikumbuka karibu yote.

"Mwalimu Hilda. Mimi ni fundi kofia. Nimesoma tamthilia yako mara nne. Mara ya kwanza sikuielewa. Mara ya pili nilikasirika, nikasema huyu ni mtoto, ameambiwa na nani. Mara ya tatu nilitafuta makosa, na nimeyapata matatu. La kwanza, watu wako hawalali. Tulilala, na hilo ndilo lililokuja kunitisha baadaye, nilipokuwa na watoto. La pili, mtu wako hasemi. Wetu alisema. Alituomba tumvue viatu kwanza kwa sababu vilikuwa vipya. Mimi nilikuwa sina viatu. Nilivivaa miaka miwili. La tatu, hukuwapa majina. Namba ni pazuri pa kujificha, mimi nimejificha humo muda mrefu. Mara ya nne sikutafuta kosa lolote. Teodosio Ayme Huarcaya."

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Binti yule aliandika kwamba alilia, na akaomba ruhusa aiingize barua ile katika tamthilia. Teodosio alinituma nimjibu: "Mwambie hapana, hiyo si ya jukwaani. Lakini huyo Wa Tatu, tafadhali, amwache alale."

Mkewe Alejandrina aliambiwa jioni ile ile ya barua, wakiwa jikoni. Walikuwa wameoana miaka thelathini na moja. Baadaye mwanamke yule alinisimulia mwenyewe, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nikamwambia, nilijua siku zote una kitu. Mimi nilidhani ni mwanamke. Nélida, nimemchunguza mke wa mwoka mikate miaka saba, maskini wa Mungu!" Kisha akafuta macho kwa aproni. "Nikamwambia, nenda kwa huyo dada. Lakini usimpelekee uso wa kutaka kusamehewa. Nenda kama unayemrudishia mtu kitu chake."

Aliniomba nifuatane naye, kwa kuwa Zenobia ananifahamu. Tulifika Chillihua saa sita mchana. Tulimkuta uani amechuchumaa, amemwaga viazi vidogo kwenye majani makavu, anavichagua vya kuanika vigandishwe na baridi ya usiku. Akafurahi kuniona. Akatuletea viazi vya kuchemsha na jibini, akamtazama mwenzangu.

"Huyu bwana namfahamu. Si wa duka la kofia?"

"Ndiye mimi, dada."

"Kula basi, mbona huli?"

"Siwezi kula kwako kabla sijasema nililojia."

Akasema. Hakuzunguka. Alitaja mwaka, kijiji, kapteni, daftari, mawe. Hakumtaja mtu mwingine yeyote ila yeye. Zenobia aliendelea kuchagua viazi, kizima huku, kilichooza kule, na mikono yake haikusimama hata mara moja, nikadhani labda hajasikia.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

"Sweta ya kijani. Na viatu vya kahawia."

"Viatu alinunua kwa ajili ya harusi yangu." Akachukua kiazi kingine. "Viko wapi?"

"Nilivivaa mimi."

Nilitazama chini. Zenobia akakitupa kile kiazi kwenye vilivyooza. Kisha akauliza kama ndugu yake alilia.

"Hakulia. Aliita jina la mtu mara moja. Sikulishika."

"Lilikuwa langu?"

"Ningesema ndiyo ningekudanganya, dada. Sikulishika."

Sasa mikono ikasimama. "Mimi nilikuja dukani kwako na picha."

"Ulikuja."

"Ukanipa kiti."

"Ndiyo."

"Na mimi mjinga nikakuombea kwa Mungu siku ile, kwa sababu ya kile kiti. Nilitembea duka hadi duka, watu wananifukuza kama kuku, wewe ukanipa kiti. Nikasema, huyu ana mama mwema." Akasimama. Alikuwa mfupi, hakumfika Teodosio begani. "Unataka nikwambie nini sasa? Nimekusamehe?"

"Hapana. Nimekuja kukuonyesha mahali."

"Miaka thelathini na tano!" akapiga kelele, mpaka majirani wakachungulia ukutani. "Mama yangu amekufa akiuliza! Kila aliyebisha hodi alidhani ni Rómulo! Thelathini na tano, na wewe uko saa nne tu kutoka hapa, unawapigia watu kofia pasi!"

Teodosio alisimama pale pale, kofia mkononi, akayapokea yote. Alipomaliza, Zenobia akaketi juu ya gunia, akapumua, akaniambia mimi, si yeye: "Lini tutakwenda?"

Mambo ya serikali yana mwendo wake. Teodosio alitoa maelezo kwa mwendesha mashtaka, akatia saini kila ukurasa, na ruhusa ya kuchimba ikatoka mwezi wa sita, wakati wa kiangazi. Lakini Rayusqa ilijua kabla ya hapo. Wafugaji waliacha kumuuzia sufu. Mtu alipaka mavi mlangoni kwake, na Alejandrina akayaosha akiimba kwa sauti, makusudi, barabara nzima isikie.

Leoncio alimjia dukani mchana, mbele ya wateja wawili, na mimi nilikuwa mmoja wao.

"Umetuuza."

"Nimejitaja mwenyewe. Jina lako halimo."

"Wakichimba watauliza wengine ni nani! Tulitishwa, Teodosio, umesahau? Ulitaka kapteni atuchome sote na watoto wetu?"

"Sikutaka. Hata leo sijui ningefanya nini tofauti. Nimewaza sana, sijui."

"Basi sasa?"

"Basi kapteni aliondoka, Leoncio. Aliondoka mwaka ule ule. Hii miaka yote tuliyomwacha yule mama azunguke na picha, nani alitushikia bunduki?"

Leoncio akampiga Teodosio kofi, si kwa nguvu, kama mtu anayetimiza wajibu, akaenda zake. Teodosio akarudi kwenye pasi yake. Nakumbuka aliniuliza, "Ulisema ukingo mpana au mwembamba?"

Siku ya kuchimba alielekeza chini ya ukuta mmoja wa matuta ya zamani ya kulimia. Hapakuwa na kitu. Akaelekeza pengine, hapakuwa na kitu. Watu wa kijiji waliokaa mteremkoni wakaanza kupiga miluzi na kumzomea, "Fundi kofia, chimba kichwani mwako!" Zenobia alikuwa ameketi kwenye blanketi, hakugeuza shingo. Teodosio akarudi nyuma hatua nyingi, akatazama milima, akasogea, akatazama tena. "Ukuta huu ulikuwa mrefu zaidi," akawaambia wachimbaji. "Umebomoka upande huu. Jaribuni hapa." Saa tisa walipata kipande cha sweta ya kijani, kisha mifupa. Miluzi ikakoma. Mwanamke mmoja wa kijijini, sikujua ni nani, akateremka na kumpelekea Zenobia maji.

Ilichukua mwaka mwingine kabla hawajamkabidhi Zenobia mifupa ya ndugu yake. Jeneza lilikuwa jeupe na dogo, la kubebwa na watu wanne bila jasho. Kanisani pale Chillihua, Teodosio alisogea wakati wa kuliinua, kwa mazoea tu nadhani, kama mwanaume yeyote anavyosogea msibani. Zenobia akanyoosha mkono.

"Wewe hubebi. Wewe utatembea nyuma."

Akatembea nyuma, nyuma ya wote, kichwa wazi juani, kutoka kanisani mpaka makaburini, na ni mwendo. Alejandrina na mimi tulikwenda kando yake. Kaburi lilipofukiwa, Zenobia alipita akigawa majani ya koka, ya kutafunwa kama ilivyo desturi msibani, kutoka kwenye kitambaa, konzi moja kwa kila aliyehudhuria. Alipofika kwa Teodosio alisimama. Sisi sote tukaacha kutafuna. Akatia mkono kwenye kitambaa, akamwekea majani kiganjani bila kumtazama usoni, akapita kwa aliyefuata. Teodosio hakuyatafuna pale. Aliyafunga kwenye leso.

Jalada la kesi liko wazi mpaka leo na hajaitwa mahakamani. Kila mwezi anauliza, na kila mwezi wanamwambia angoje. Sufu sasa anaagiza kutoka mbali. Kwenye kikundi cha Alhamisi hakuacha kuja, na hatukumwambia asije, ingawa mama mmoja wa sokoni alihamisha kiti chake akakaa upande wa dirisha, na hajarudi upande huu.

Baada ya mazishi, zilipopita wiki kama sita, Leoncio aliingia maktaba siku ya Jumanne. Alisimama mbele ya meza yangu akizungusha funguo za lori.

"Leo hakuna kahawa," nikamwambia.

"Sikufuata kahawa." Akatazama mlangoni. "Kuna mwingine tuliyemfukia. Upande wa mtoni. Huyo Teodosio hamjui, siku ile hakuwepo. Mimi nilikuwepo."

"Keti, Leoncio."

Akaketi, mikono katikati ya magoti, mimi nikajifanya napanga kadi. Mwishowe akaniuliza kama nadhani Teodosio angekubali kumsindikiza kwa mwendesha mashtaka, maana yeye peke yake miguu itakataa.

"Kamuulize mwenyewe. Yuko dukani."

"Nilimpiga kofi."

"Nilikuwepo."

Akaenda. Nilimwona dirishani akivuka barabara, akafika mlangoni pa fundi kofia, akarudi nyuma, akazunguka lori lake kama anayekagua magurudumu, kisha akaingia.

Waliondoka Alhamisi asubuhi kwa lori la mchanga, kwenda kwa mwendesha mashtaka. Mchana kikundi tulikutana kama kawaida, tukafungua kitabu, lakini Mwalimu Fidelia akasema hawezi kusoma roho ikiwa juu, tukakifunga. Tukakaa tukinywa kahawa na kusikiliza barabara. Walirudi saa kumi na moja, wote wawili wana vumbi mpaka kwenye nyusi, na Alejandrina, aliyekuwa amekuja kungoja pamoja nasi, akawakatia mkate kabla hawajaulizwa neno.